Mwanya Usiofika Milimita Mbili

Kabla ya kukugusia habari ya bei, mzee huzima taa. Hufunga na dirisha, kibanda kikawa giza mchana kweupe, kisha huteremsha ndani ya saksafoni uzi wa vitaa vidogo kama vile vya kupambia mti wa Krismasi. Hubonyeza vifuniko kimoja kimoja, polepole, jicho likiwa pembeni mwa kila pedi. Mwanga ukichungulia popote, hata kwa mstari mwembamba kama uzi wa buibui, hapo ndipo pumzi inapovuja.

"Kwanza chombo kisivuje," husema. "Chombo kinachovuja kinamfundisha mtu uongo."

Nimemwona mtu mzima akikaribia kulia mbele ya vile vitaa. Miaka miwili alikuwa amekaza midomo, amebadilisha ridi, amenunua vifaa vya gharama kutoka nje, akijilaumu kwamba hana pumzi ya noti za chini. Kumbe ni pedi moja ya ngozi, imekauka ukingoni, haifungi vizuri. Mzee aliibandua, akabandika nyingine kwa gundi ya moto, akamrudishia chombo. Noti ya chini kabisa ikatoka laini, kama mlango uliopakwa mafuta.

Kibanda kiko Kinondoni, Dar es Salaam. Mwenyewe alikuwa mpiga klarineti katika bendi ya kikosi, akastaafu, na sasa anatengeneza ala za kupuliza. Nakwenda kwake mara nyingi bila kazi ya kumpa. Mimi napiga saksafoni ya tenori, si kwa umahiri mkubwa, lakini kwa mapenzi, na yale niliyojifunza pale kuhusu kuchagua vifaa sikuwahi kuyapata dukani. Dukani wanakuuliza una shilingi ngapi. Mzee huuliza swali lingine, na nilimsikia akiliuliza tena siku alipoingia kijana mmoja na saksafoni ya alto ndani ya begi la mgongoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa. Unapigia wapi?"

Kijana alidhani hajasikia vizuri. Alikuwa ameanza kueleza aina ya chombo, mwaka kilipotengenezwa, rangi ya dhahabu iliyopakwa. Mzee akarudia: unapigia wapi, na nani, kwa muda gani?

"Matarumbeta, mzee. Harusini. Juu ya gari."

Anayeijua Dar anajua kazi hiyo. Jumamosi alasiri pikapu inatangulia msafara wa maharusi, nyuma wamebanana vijana sita au saba na ngoma zao na tarumbeta zao, jua kali, honi za bodaboda kila upande, na wimbo haukatiki kutoka kanisani hadi ukumbini. Mpiga saksafoni hapo hana kipaza sauti. Anashindana na ngoma kubwa iliyo nusu mita kutoka sikioni mwake.

Kijana alitoa mfukoni mdomo wa chuma unaong'aa. Niseme hapa kwamba kile kipande kinachoingia kinywani, kinachobeba ridi, mzee hukiita mdomo tu, na mimi nitafuata lugha yake. Kijana aliununua kwa akiba ya miezi mitatu kwa sababu mpigaji mmoja wa Marekani anayemwangalia kwenye simu anatumia wa namna hiyo. Tangu aupate, sauti inapasuka, noti za juu zinapiga mluzi, na mdomo wake wa chini una kidonda kwa ndani pale jino linapokandamiza.

Mzee aliupima mwanya wa ule mdomo wa chuma, yaani nafasi iliyopo kati ya ncha ya ridi na ncha ya mdomo. Milimita 2.4.

Tofauti za vipimo hivi ni ndogo hata aibu kuzitaja. Mdomo wa klarineti kwa kawaida huwa na mwanya wa milimita 1 hadi 1.2 hivi. Saksafoni ya alto ya kupigia muziki wa kuandikwa wa Ulaya huwa karibu na 1.7. Midomo ya tenori ya Otto Link, ambayo wapiga jazi wengi wameipenda, ile iliyoandikwa 7 na nyota ina takriban 2.67. Kati ya wa chini na wa juu hapo hakuna hata milimita 2 kamili, lakini ndani ya nafasi hiyo kuna watu waliopata sauti yao na watu waliokata tamaa.

Ridi ni ulimi wa tete uliofungwa juu ya tundu la mdomo, na pumzi inapopita huufanya ulimi huo ufunge na kufungua mamia ya mara kwa sekunde. Mwanya ukiwa mpana, ulimi una safari ndefu zaidi ya kwenda na kurudi. Anayeweza kuumudu hupata sauti kubwa na uhuru wa kuikunja noti, lakini anahitaji pumzi nyingi na midomo iliyozoea, na lazima atumie ridi laini. Kijana wetu alikuwa na mwanya mpana na ridi namba 3, ngumu kwa mwanya ule. Kila noti ilikuwa vita, na silaha yake ilikuwa meno.

Nilitegemea mzee amwambie aachane na chuma, anunue mdomo wa kistaarabu wa wanafunzi. Hakusema hivyo.

"Huyu Mmarekani wako anapiga ukumbini, ana kipaza sauti, na amepiga miaka thelathini," alisema. "Wewe uko juani, huna kipaza sauti, una miaka mitatu. Lakini mwanangu, hukukosea kutaka sauti kali. Umekosea mahali pa kuitafuta."

Akaugeuza mdomo ule, akamwonyesha ndani kwa kalamu. Mdomo una nyumba yake: meza, ambapo ridi hulala, reli mbili, kulia na kushoto, zinazoteremka taratibu hadi nchani, chumba, lile pango la kati, na dari, ule mteremko ulio mkabala na ridi. Dari ikikaribia ridi, hewa hupita kwa kasi na sauti huwa kali, yenye makali ya kukata kelele. Dari ikiwa mbali na chumba kikiwa kikubwa, sauti huwa nene na ya giza. Adolphe Sax, Mbelgiji aliyezaliwa Dinant mwaka 1814 na kupata hati ya uvumbuzi wa saksafoni mjini Paris mwaka 1846, aliipa midomo yake chumba kikubwa cha mviringo. Zilipokuja bendi kubwa za Marekani zenye tarumbeta nyingi, watengenezaji wakaanza kushusha dari na kubana chumba ili saksafoni isimezwe. Kwa hiyo ukali ambao kijana aliutaka unatoka zaidi kwenye dari kuliko kwenye mwanya. Angeweza kuupata bila kujeruhi midomo yake.

Mzee akafungua droo. Humo mna midomo kama arobaini, mingine ya chuma, mingine ya plastiki, mingi ya eboniti, yaani mpira uliopikwa na salfa hadi ukawa mgumu kama pembe. Akachagua mmoja mweusi, wenye dari iliyoshuka kidogo na mwanya wa milimita 1.9. Akaupuliza mara moja, akakunja uso.

"Umepinda."

Sikuuona upinde wowote, wala kijana hakuuona. Mzee alitandika kioo kinene mezani, akaulaza mdomo juu ya kipande kingine cha kioo chenye mistari, kila mstari umeachana na mwenzake kwa nusu milimita. Kisha akachukua karatasi ya chuma yenye unene wa milimita 0.04 hivi, nyembamba kuliko unywele, akaiachia iteleze yenyewe kati ya kioo na reli mpaka ilipokwama. Haisukumi. Husema ukiisukuma itakwambia unachotaka kusikia. Upande wa kushoto ilikwama kwenye mstari wa 41. Upande wa kulia, 38.

Yaani reli ya kulia ilianza kuteremka milimita moja na nusu baadaye kuliko mwenzake. Ridi iliyofungwa juu ya reli kama hizo hufunga upande mmoja kabla ya mwingine, kama mlango ulioning'inia kwenye bawaba moja. Ndiyo sababu ya miluzi mingi ambayo wapigaji hujilaumu nayo. Midomo mingi inayotoka viwandani ina kasoro hii kwa kiasi fulani, na mingine ni ya bei mbaya.

Saa mbili zilizofuata ndizo zilizonifanya niandike makala haya. Alibandika msasa namba 600 juu ya kioo, akaulowesha kwa maji ili vumbi la eboniti lisipae. Akaukamata mdomo kwa vidole vitatu, kidole cha shahada kikiwa upande wa kulia tu, akauvuta juu ya msasa mara mbili. Mara mbili, basi. Akaufuta, akaurudisha kwenye kioo cha mistari, akaiachia ile karatasi ya chuma. 38 na nusu. Akavuta tena mara mbili. Harufu ya salfa ikaenea kibandani, kama kiberiti kilichowashwa chumba cha pili. 39. Kisha akabadilisha karatasi za kupimia, nene zaidi na nene zaidi tena, kwa sababu reli haitakiwi tu kuanza na kuishia mahali sawa na mwenzake, inatakiwa ipinde sawa njia nzima. Akishuka mno hawezi kurudisha. Eboniti haina kiraka. Kila mara alipofikiri labda imetosha, aliuweka mdomo chini, akanywa chai, akaongea habari nyingine, akaurudia. Nilimuuliza kwa nini hamalizi kwa mkupuo. Akasema jicho likichoka huanza kuukubali mkono.

Ilipofika 41 pande zote, alifunga ridi iliyoloweshwa, akaziba tundu la nyuma kwa kiganja, akafyonza hewa yote kwa mbele, akautoa mdomo kinywani. Ridi ikabaki imejibana, kimya, sekunde moja, mbili, kisha ikaachia: pwa! Hewa haikuwa na pa kuingilia. Kijana alicheka kwa sauti. Mzee akampa ajaribu mwenyewe, akajaribu kama mara kumi, kila mara pwa.

Habari ya ridi ingejaza gazeti zima. Tete lake ni jamii ya matete marefu yanayoota kando ya Bahari ya Kati, na yenye sifa kuliko yote hutoka jimbo la Var, kusini mwa Ufaransa. Hukatwa wakati wa baridi yakiwa na umri wa miaka miwili hivi, hukaushwa, huachwa juani yageuke rangi ya asali, ndipo yanapochongwa. Kampuni ya Vandoren iliyoanzishwa Paris mwaka 1905 na mpiga klarineti wa jumba la opera la huko bado inategemea matete hayo. Ncha ya ridi iliyomalizika ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Namba iliyoandikwa kwenye boksi, 2, 2 na nusu, 3, inaeleza ugumu tu, na ugumu wa namba hiyo hiyo hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Haielezi ubora, wala si cheo. Nimekutana na vijana wanaopanda namba kama wanapanda darasa, na inaniuma, kwa sababu wengi wao walikuwa na sauti nzuri pale walipoanzia.

Hewa ya Pwani haina huruma kwa ridi. Ridi hunyonya unyevu hadi nchani pakafanya mawimbi, na ikisahauliwa ndani ya mdomo kwa wiki moja huota ukungu. Mzee huzilaza juu ya kioo. Mpya huipuliza dakika tano tu kwa siku, siku nne au tano, kabla ya kuidai kazi. Ikiwa nzito upande mmoja, huikwangua upande huo kwa msasa laini kabisa, mikwaruzo mitatu, akaipuliza, akasikiliza. Ila kwa kijana wa pikapu hakusita kumshauri anunue moja ya plastiki, aina ya zile ambazo Légère ya Kanada imekuwa ikizitengeneza tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Mpenzi wa tete angekunja uso. Lakini juu ya gari, jua la saa nane, ridi ya tete hukauka kati ya wimbo na wimbo, na anayepiga hapo anahitaji kitu kitakachoitika mara moja dereva anapokanyaga breki mbele ya ukumbi.

Nikamwambia mzee kwamba mimi natafuta sauti kama ya Verckys Kiamuangana, yule mpiga saksafoni wa bendi ya OK Jazz ya Kongo, aliyejiunga nayo mwaka 1963 na baadaye kuanzisha bendi yake ya Vévé. Hakunikatisha tamaa, ila aliniuliza kama nimewahi kusikia kisa cha Charlie Parker na saksafoni ya plastiki. Mwaka 1953, katika ukumbi wa Massey Hall, Toronto, Parker alipanda jukwaani na alto ya Grafton, chombo cha plastiki nyeupe. Rekodi ya usiku ule ipo. Anayemjua Parker humtambua tangu noti za kwanza. Nadhani mzee alikuwa ananiambia kwamba Verckys angesikika kuwa Verckys hata kwa mdomo wangu, na kwamba kazi yangu ni kutafuta kile kinachoniacha nipumue.

Upande wa klarineti hadithi inageuka, na hapa ndipo mapenzi ya mzee yanapoonekana waziwazi. Ana klarineti mbili ukutani: moja ya plastiki, ya kufundishia, nyingine ya mpingo, nyeusi tii, imetengenezwa Ufaransa. Viwanda vyenye majina makubwa, Buffet Crampon na Selmer, vyote viko Mantes-la-Ville, si mbali na Paris. Lakini mti wenyewe unatoka kwetu na kwa jirani zetu wa Msumbiji. Ni mpingo ule ule wa Lindi na Kilwa, ule wa wachongaji wa Kimakonde, mti mzito ambao kipande chake kikitupwa majini huzama. Hukua polepole mno, miaka 70 na zaidi kabla ya kufaa kukatwa, na katika gogo zima ni sehemu ndogo tu isiyo na ufa wala mshipa inayoweza kuwa klarineti. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha FSC kwa namna inavyotunzwa, na mzee alinisimulia hilo kwa fahari kama mtu anayezungumzia mtoto wa ndugu yake aliyefaulu mtihani.

Mpingo hupendwa kwa sababu haunyonyi maji kirahisi, hauvimbi ovyo, na hukubali kutobolewa kwa usahihi wa chuma. Ila una hasira ukiharakishwa. Pumzi yenye joto na unyevu huvimbisha ndani wakati nje bado pakavu na baridi, na mti hupasuka, mara nyingi sehemu ya juu. Klarineti mpya mzee huiruhusu dakika kumi na tano au ishirini kwa siku kwa wiki za mwanzo, na kila baada ya kupuliza huifuta ndani kwa kitambaa. Hataki kuisikia ndani ya gari lililofungwa vioo. Anayepigia nje humpa ile ya plastiki, bila kumwonea. Mti wa miaka 70, anasema, haupelekwi kwenye vumbi kwa ajili ya maringo.

Kuna kipande kifupi kati ya mdomo na mwili wa klarineti, mzee hukiita pingili, kama pingili ya muwa. Kwa kawaida kina urefu wa milimita 65 au 66. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi 20, na karibu mita 350 ikiwa nyuzi 32. Kwa hiyo klarineti iliyopimwa kwenye ubaridi wa Ufaransa hupanda juu ikipigwa Dar mwezi wa Februari, na mpigaji anabaki kuivuta pingili itoke nje kidogo, jambo linaloharibu uwiano wa noti za karibu na hapo. Mzee amejichongea ya milimita 67 kutoka kwenye kipande cha mpingo alicholetewa kutoka Nachingwea. Aliichonga kwenye mashine ya fundi wa samani jirani yake, akaiacha kabatini mwaka mzima itulie, ndipo akatoboa tundu la ndani. Mwaka mzima, kwa milimita moja.

Kijana alirudi baada ya wiki tatu. Kidonda cha mdomo kimepona. Hakuja na malalamiko, alikuja na saksafoni imefungwa mdomo mweusi, akasimama mlangoni akapiga noti moja ndefu, ya katikati, akaishikilia huku akiiongeza taratibu hadi mama ntilie wa ng'ambo ya barabara akageuka kutazama. Ilikuwa kali, lakini haikupasuka.

"Harusi ngapi?" mzee akauliza.

"Nne, mzee. Jumamosi wamenisikia mpaka nyuma ya msafara."

Mzee alifungua daftari lake la kurasa za mraba, lile analoandika vipimo vya kila mdomo uliopita mikononi mwake. Akaweka miwani, akaomba mdomo, akaulaza tena juu ya kioo na kuiachia ile karatasi ya chuma iteleze. 41 kushoto, 41 kulia. Akaandika tarehe. Pembeni yake, kwa herufi ndogo, akaandika: juu ya gari.

Kisha akaniangalia mimi, akanyoosha mkono. "Lete ya kwako. Na wewe, unapigia wapi siku hizi?"